Mimi Siandiki

Siku ya kwanza Dzombo alileta mada
pana kama barabara ya Makupa asubuhi ya Idi:
"Vijana na Uandishi."
Nikamuuliza: kijana yupi? Wa Bondeni au wa Bamburi?
Uandishi upi? Wa mtihani, wa posa, wa deni?
Akakuna kichwa. Feni ikasimama, umeme umekatika,
darasa zima likajipepea kwa muhtasari wangu wa kozi.
Nikawaambia, swali ni sindano,
likinenepa halipiti kitambaa.

Mbeyu alikuwa na hojaji ya maswali arubaini,
imepigwa chapa, imepigwa pini,
ridhaa juu, shukrani chini.
Akaenda Kongowea alfajiri, malori ya viazi yakishusha.
Mtu wake wa kwanza: mchukuzi aitwaye Nyamawi.
Swali la kwanza: Je, wewe huandika?
"Mimi? Mimi siandiki, mwanangu. Shule niliiacha darasa la tatu."
Mbeyu akatia alama kwenye La,
na kwa kuwa fomu ilisema *kama ni La, ruka hadi swali la arubaini*,
akaruka, akashukuru, akafunga kalamu.

Lakini hakuondoka. Hapo ndipo nilipompa alama.
Alikaa juu ya gunia tupu, akila kaimati,
akamwona Nyamawi akichomoa kipande cha mkaa nyuma ya sikio
na kuandika kwenye gunia: mstari, mstari, msalaba,
K yenye mkia kwa mnunuzi wa Kilifi,
K isiyo mkia kwa yule wa Kaloleni;
akifuta kwa kidole gumba, akiandika upya
(akihariri, jamani, akihariri!)
na mabega ya watu kumi na wawili
yakisoma alichoandika
na kwenda yalikoagizwa.

Jumatano akaiweka fomu mezani kwangu.
"Mwalimu, hapa nimetia La. Nifanye nini na nilichokiona?"
Kimya. Nje mkokoteni wa maji ulipita, mitungi ikigongana.
Riziki akasema, "Alidanganya."
Mwanakombo akasema, "Hakudanganya yule.
Sisi ndio tuliomuuliza kwa neno letu, akatujibu kwa lake."

Basi tukaanza upya. Arubaini tukazifuta, tukabakisha saba.
Mahali pa *huandika?* tukatia:
*Mara ya mwisho ulishika nini mkononi
ili mwengine ajue jambo nawe hupo?*
Refu, ndiyo. Mbeyu bado analipunguza.

Swabra hakwenda popote.
Aliomba ridhaa ya wenzake mmoja mmoja,
akakusanya insha ishirini na nne nilizosahihisha muhula uliopita,
akahesabu wino wangu mwekundu.
"Haieleweki": mara thelathini na moja.
"Fafanua": kumi na tisa.
Maswali ya kweli, yenye hamu ya kujibiwa: mawili.
Alisoma matokeo bila kunitazama.
Nilitaka kusema sampuli ni ndogo.
Sampuli ilikuwa ndogo.
Nikasema, na sauti yangu yenyewe ikanisuta.

Leo usiku, Tudor, chai imepoa kando ya rasimu zao.
Dzombo sasa amefika dukani kwa mamake, Kisauni,
kwenye daftari la madeni lililokunjika pembe:
kwa nini mama huyaacha majina ya waliolipa,
hayakati, hayafuti,
huyazungushia duara tu, na kufungua ukurasa mwengine.
Aya ya pili haieleweki.
Kalamu yangu ishafika pambizoni.
Nimeandika "Ha", nikaikata.
Nikaandika: *Mamako alisema nini ulipomuuliza?*
Nikasoma tena tangu mwanzo, polepole,
nikagundua hajamuuliza.

Nikaongeza chini, kwa penseli:
*Nenda Jumamosi, kabla wateja hawajajaa.
Fomu iache nyumbani kwanza.
Msaidie kupima sukari.*