Maikrofoni Haikuzimwa

Kabla ya kila ukelele kuna pumzi.
Watu elfu kumi na mbili hawaisikii.
Mimi huisikia, kwa kuwa kazi yangu ni kuketi nyuma ya mitambo,
vidole kwenye vitufe, hedifoni masikioni,
na pumzi ya Urho hunifikia kwanza,
nyembamba, kama ya mtoto anayepanda ngazi gizani.

Kisha gitaa. Kisha ngoma za miguu, mbili,
hadi bia inatetemeka bilaurini
na mbavu zako si zako tena.
Kisha yeye:
HAMNIJUI!

Nao, ngumi juu, mishipa imewatoka shingoni,
wanamrudishia:
HAMNIJUI! HAMNIJUI!
Wanalijua vizuri neno hilo.
Wengine wamelichora mkononi lisifutike.

Aliutunga Kemi, msimu wa baridi,
tukipakia mabunda ya karatasi zamu ya usiku
katika kiwanda kinachonguruma hata mtu
aweza kulia kando ya mwenzake asiulizwe kulikoni.
Ukelele ule aliujaribia huko.
Nilidhani mashine imembana mkono.
Nikakimbia, nikaizima.
Msimamizi akanikata mshahara wa siku mbili.

Sasa uso wake umebandikwa kwenye mabasi ya Helsinki,
mweupe pe, macho kama matundu ya kuvulia samaki barafuni.
Dukani wanampisha foleni.
Kinyozi haulizi tena habari za mama.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
yeye mwaka wa nane huu,
hakuna aliyempa jembe.

Jana, Tampere, onyesho likaisha.
Akateremka jukwaani na maikrofoni mkononi, haijazimwa.
Nikashusha sauti upesi, ukumbi usisikie.
Akabaki masikioni mwangu peke yangu:
mlango. Bomba la maji. Rangi ikisuguliwa usoni.
Halafu, taratibu, kama tunavyopima vyombo mchana
viti vikiwa vitupu:

moja, mbili.
Moja, mbili.
Urho.
Urho Kantola.
Urho wa Helvi, wa zamu ya usiku.
Nasikika?

Nikasema ndiyo.
Nilisema kwa nguvu, hedifoni masikioni,
hata mfagiaji akageuka, vikombe vya plastiki miguuni pake.
Mtambo ule huleta tu. Haupeleki.

Kiwandani nilikimbia.
Jana nilianza kwa kukunja nyaya.