Daftari la Joto

Niliingia saa tatu asubuhi, kabla ya wateja,
koti jeupe mkononi, kipimajoto mfukoni kama kalamu ya pili.
Viti sita. Kaunta moja ya mninga.
Nyuma yake Mshindo Chambuso anafuta kisu
kwa kitambaa chenye unyevu, kila baada ya mkato,
kama alivyofundishwa kule Masaki
alikoanza kwa kuosha sahani.

Jikoni kwingine ninakokagua, moto husamehe mengi.
Mama ntilie akisahau kunawa, sufuria humkumbukia.
Hapa hakuna sufuria ya kumtetea mtu.
Nyama nyekundu ya jodari inalala juu ya wali wa siki,
uchi,
na kati yake na tumbo la mtoto wa mtu
kuna mimi na namba.

Nilikagua. Ubao wa samaki una rangi yake, wa tango una yake.
Kucha fupi. Sabuni ipo, na si ile ya kuonyesha wageni.
Nzi? Nilisimama kabisa nikimsubiri. Hakuja.
"Karibu uonje, bibi afya."
"Nikimaliza."

Kisha daftari.
Limevishwa nailoni, mistari imepigwa kwa rula:
tarehe, saa, joto la friji, sahihi.
Asubuhi mbili. Mchana mbili. Usiku mbili.
Jumatatu mbili, Jumanne mbili,
Jumatano mbili, mbili, mbili,
kalamu ileile, mkono uleule usiochoka.

Sasa, mimi naishi Mikoroshini, mtaa wa pili kutoka hapo.
Jumanne umeme ulikatika baada ya isha,
ukarudi kumekucha.
Maziwa ya mwanangu nayo yakakatika.
Nilikesha kizingitini nikimpepea kwa kipande cha boksi.
Friji gani hiyo, peke yake Msasani nzima,
iliyobaki mbili?

Sikuuliza. Niliweka kidole kwenye Jumanne.
Alikitazama kidole muda mrefu.

"Kilo kumi na moja," alisema.
"Ningemwaga kilo kumi na moja, na kodi ni kesho.
Nilikata kipande alfajiri, nikala mwenyewe.
Nikakaa kwenye kiti kile nikijisikiliza
mpaka saa nne. Tumbo kimya.
Ndipo nikafungua."

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wameoza wote.
Wahenga hawakutaja digrii.
Wala hawakusema kwamba jodari akishaota joto
anaweza kutunga sumu isiyonuka
ambayo hata moto hauiondoi,
kipande hiki ikawemo, cha jirani yake isiwemo.
Niliyasema hayo mimi, kwa sauti ya semina,
nikajichukia kidogo, maana
mtu aliyejilisha kwanza si mwizi.
Lakini si kipimo.

Nikaandika: siku saba. Friji ya pili, barafu ya akiba, daftari jipya.
Tulimbeba jodari aliyesalia hadi uani
nikammwagia dawa ya bluu asije akaokotwa.
Paka watatu walikuja, wakatazama, wakaondoka.
"Mali yote hiyo!" jirani alisema juu ya ukuta,
na hakuna aliyemjibu.

Niliporudi ndani alikuwa amefungua ukurasa wa Alhamisi,
kalamu hewani.
"Leo niandike ngapi?"

Nikaingiza kipimajoto kwenye friji. Tulisubiri,
mabega yetu yakikaribia kugusana kama ya watoto dirishani.
Saba.
Aliiandika polepole. Ilitoka imepinda,
na wino ulivuja kidogo mkiani.

Huwa sili ninapokagua. Samaki mbichi sijamwonja hadi leo.
Nimeiweka alama tarehe ya kurudi.
Siku hiyo nitatoka nyumbani bila kunywa chai.