Kukata Shauri

Waliniambia nihesabu mafaili.
Ndiyo kazi ya karani. Nikavuta droo za chuma,
nikapiga chafya mbili, nikaandika kwa penseli:
mwaka juzi, elfu moja mia moja na arobaini;
mwaka huu, barabara kuu ikiwa imechepushwa nje ya mji,
mia sita na kumi na mbili.

Malori hayapiti tena Kirby Forks.
Yanaunguruma nyuma ya kilima kama radi isiyo na nia ya mvua,
na askari wa doria, aliyekuwa akijibanza kando ya ghala la mbegu
kuwanasa wenye haraka,
kawafuata huko huko.
Faini zimehama. Hakimu kabaki.

Jumanne ya pili ya Novemba halmashauri iliketi
chini ya taa inayopepesa,
theluji ikiyeyuka kutoka viatuni mwetu.
Bwana Stroud, muuza matrekta, alikuja na kikokotoo.
Akagawa mshahara wa Hakimu Verlene Oakes kwa mafaili yangu,
akainua uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu:
"Mwaka juzi kila kesi ilitugharimu dola kumi na tisa.
Sasa thelathini na tano. Kwa kazi ile ile?"

Si kazi ile ile, Bwana Stroud.
Sikusema. Karani husoma takwimu, basi.
Kesi ya mwendokasi ni dakika tatu:
jina, nakiri kosa, lipa pale dirishani, kwaheri.
Zilizobaki ni zile zisizo na haraka ya kwenda popote:
mpangaji wa Mtaa wa Tannery na notisi iliyolowa,
ndugu wawili na jenereta la marehemu baba yao,
mama ambaye boila yake ilikufa Januari
na mwenye nyumba akamshauri avae soksi mbili.
Maji yamepita kwenye chujio;
wao wanapima chujio kwa maji yaliyokwisha kupita.

Hakimu mwenyewe alikaa safu ya nyuma, koti mwilini,
kimya, maana mtu hawi hakimu wa mfuko wake.
Kabla ya joho, miaka kumi na minane
alipima mafuta ya maziwa kiwandani.
Anajua kipimo. Alitazama dimbwi sakafuni.

Delphine Pruyn peke yake aliuliza:
"Miaka saba iliyopita mafaili yaliongezeka maradufu.
Kikokotoo kilikuwa wapi?"
Mtu akakohoa. Mwingine akaomba wapige kura.

Kwa lugha yangu, hakimu hukata shauri.
Aliyeshindwa hukata rufaa.
Usiku ule watu watatu kati ya watano
wakakata mshahara, dola elfu nne, kuanzia muhula ujao,
kwa kisu cha neno lile lile,
na hapakuwa na dirisha la rufaa.
Kisha wakaniagiza: tangu leo, karani,
andika dakika za kila kesi, tupate kujua kazi ni kiasi gani.

Alhamisi. Mzee Lyle Dufresne anadai alilipa kodi ya Septemba.
Anatafuta risiti: mfuko wa kushoto, wa kulia,
pochi, pochi tena, bahasha ya dawa.
Mwenye nyumba anaguna. Bomba la joto linagongagonga ukutani.
Hakimu Oakes haangalii saa.
Kaweka kalamu chini, kama mtu aliyefika mapema
na hana pengine pa kwenda.

Ilikuwa ndani ya kofia, chini ya utepe wa jasho.
Sahihi ya mwenye nyumba, wino wa buluu.

Kwenye safu ya dakika nikaandika kumi na moja.
Nikafuta, nikaandika tena.
Katika hizo, tisa hakuna aliyesema neno.
Sijui Bwana Stroud atazigawa kwa nini.