Tatu Nje, Mbili Ndani

Umeme umekatika tena Arua, tangu saa moja.
Simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga,
tochi inatazama dari, na juu ya daftari
seli imelala kama yai lililopasuliwa kikaangoni:
kiini katikati, ute pembeni.
Eyotaru, ninayechangia naye chumba, anasema
seli haifanani na yai hata kidogo.
Njaa yako tu hiyo.

Kweli. Tangu roleksi ya mchana sijatia kitu mdomoni,
na mitokondria zangu, kama kitabu hakisemi uongo,
zinachoma akiba ya mwisho
ili nijue jinsi zinavyochoma.

Nageukia utando. Pampu ya sodiamu na potasiamu:
tatu nje, mbili ndani, ATP moja italipa.
Nimeisoma mara nane, ikaniponyoka mara nane,
mpaka akili iliponifikisha mpakani Vurra,
ambako baba hupakia na kupakua malori.
Magunia matatu ya chumvi yanavuka kwenda Kongo.
Mikungu miwili ya ndizi inaingia.
Na hapo katikati amesimama bwana mmoja
ambaye mnyororo wake haufunguki bila chai.

ATP ndiyo chai.

Eyotaru alicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Usithubutu kuandika hivyo, akasema,
Mwalimu Adriko atakuchorea sifuri ya wino mwekundu
uitundike ukutani.
Lakini usiku wa manane nilimsikia mwenyewe
akinong'ona ndani ya chandarua:
chumvi tatu, ndizi mbili, chai moja.
Chumvi tatu.

Tukasoma figo. Lita mia na themanini kwa siku
huchujwa, na karibu zote hurudishwa damuni.
Nikaweka kalamu chini.
Laiti mkoba wa mama ungekuwa figo,
kila kipitacho kikarudi, ikatoka taka tu.
Ada ya mtihani huu ilikuwa mbuzi wawili,
mmoja ana mimba.

Jumatatu. Mvua inapiga mabati ya ukumbi
kama mtu anayemwaga choroko.
Nina utando kichwani, nina nefroni,
nina vali nne za moyo kwa mpangilio.
Nafunua karatasi.
Swali la kwanza, alama ishirini:
*Eleza yanayotokea mwilini
mtu anapopatwa na hofu ya ghafla.*

Sikuwa nimelisoma.
Moyo ukaanza kudunda hadi masikioni.
Nikaandika: moyo huenda mbio.
Ulimi umegandamana na kaakaa.
Nikaandika: mate hukauka.
Viganja, baridi. Jasho, lipo.
Chapati ya asubuhi imekaa tumboni kama jiwe la mafiga;
nikaandika: usagaji wa chakula husimama,
damu huhamia kwenye misuli, tayari kwa kukimbia
(na mlango, niliuona, ulikuwa wazi).
Juu ya kila figo kuna tezi, imevaa kama kofia,
ndiyo iliyokuwa ikinimwagia haya yote.
Msimamizi akapita, akatazama, akaendelea.
Hakujua kwamba naibia,
na kwamba niliyekuwa nikimwibia ni mimi.
Safu ya pili, Eyotaru alikuwa ameweka vidole viwili shingoni,
macho kwenye saa ya ukutani, anahesabu.

Taabu ni kwamba kadiri nilivyoandika
ndivyo hofu ilivyopungua.
Nilipofika kwenye mboni za macho
mate yalikuwa yamesharudi, moyo umetulia,
na alama tano za mwisho
ikabidi nizitafute kichwani, kama watu wengine.

Matokeo bado.
Jioni baba akapiga simu: walikuuliza nini?
Nikamwambia, waliniuliza habari za hofu.
Akanyamaza kidogo.
Hilo, akasema, hata mimi ningelijibu.
Nyuma ya sauti yake lori lilikuwa linarudi kinyumenyume,
na mtu fulani, kwa uchovu, alikuwa anahesabu magunia.