Bashrafu za Karani wa Forodha

Nyumba imeuzwa, Mkomani, kwa mtu wa mbali,
nami nimeitwa kuhamisha vyombo,
mimi fundi simu wa Langoni
mwenye kodi ya miezi miwili shingoni.
Kwenye kidaka cha juu, nyuma ya bakuli la kaure lenye ufa,
bati la biskuti. Nikalitikisa.
Halikulia kama biskuti.

Kanda tisa za duara, kahawia kama halua,
na karatasi za forodha: boriti korija arubaini,
samli madebe kumi na mawili, papa mkavu;
na mgongoni mwa kila karatasi, kwa wino wa serikali,
herufi zikipanda na kushuka kama siafu
waliopotewa na sukari.

"Za baba," alisema Bi Somoe.
"Lali Famau, karani. Alitunga bashrafu.
Tupa ukitaka."

Bashrafu! Wajua bashrafu ni nini harusini?
Ni muda wa kutafuta kiti,
wa kuuliza ile dhahabu kaazimwa na nani,
wa mtoto kupelekwa choo.
Fidla zinalia, kanuni inatetema,
na watu wanangoja mwimbaji avute pumzi
ndipo nao wanyamaze.
Na huyu, miaka thelathini,
alitunga hicho tu: kile kinachozungumziwa juu yake.

"Walimuuliza: Lali, maneno yako wapi?
Muyi huu hata muuza mahamri ana beti zake.
Akawaambia: Maneno munayo nyinyi, mengi.
Mimi nawapa pa kuyaweka tini."
Alikuwa anakunja mashuka, Bi Somoe, kona kwa kona.
"Harusi moja Matondoni walimpigia makofi anyamaze.
Akaifunga kanuni kwa leso ya mamangu,
akarudi kwa miguu."

Rekoda niliipata kwa mwalimu mstaafu wa Gadeni.
Mkanda wake umeoza; nikatia lastiki ya suruali.
Saa nne usiku stima ikarudi.
Nikabonyeza.

Kwanza kikohozi. Kisha kuku.
Kisha kanuni.
Sijui niseme vipi, mimi mtu wa risasi na waya:
ilianza kama mtu atafutaye ufunguo gizani
bila hofu kwamba hataupata.
Sauti moja; akaiacha; akairudia kwa chini kidogo.
Fidla ikaingia ubavuni, haikumpokea, ikakaa naye.
Hakuna aliyesifiwa. Hakuna aliyesutwa.
Hakuna moyo uliochomwa kisu ili upatikane kina.
Nilikuwa nimeshika bisibisi.
Niliishika mpaka kanda ikaisha.

Katika mji ambao milango yake hupigwa picha,
huyu alichonga mlango, akasimamisha miimo na kizingiti,
na nyuma yake hakujenga nyumba.
Unapita, unajikuta pale pale ulipokuwa,
ila umepita.

Kesho yake nikampelekea Bi Somoe.
Alisikiliza akichambua mchele, hakuinua uso,
mpaka kanda ya sita, karibu na mwisho,
sauti ya mtoto:
"Baba, wimbo waanza lini?"
Na mwanamume, bila kusimamisha vidole:
"Umeshaanza, mama."
Ungo ukatua.
"Rudisha," akasema. Nikarudisha.
"Rudisha tena. Toka kwa yule kuku."

Sasa nazinakili kibandani, moja baada ya moja,
kati ya vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba.
Ya tisa haikuisha; karatasi yake imeliwa na mchwa
baada ya "samli, madebe".
Wateja huketi kwenye benchi, wakazungumza juu yake,
bei ya unga, nani kaposwa.
Siwanyamazishi.
Jana mmoja alikatiza neno katikati,
akatazama dari kitambo,
halafu akaniuliza simu yake itakuwa tayari saa ngapi.