Herufi Nane

Entebe iko hapo, ng'ambo ya maji.
Ndege ikiyaacha mawe ya Ilemela na kushika kaskazini,
chai ya rubani haijapoa, imeshatua.
Lakini habari zake hazikatizi ziwa.
Nikizituma zinageuza mgongo,
zinakimbilia Dar es Salaam kwanza,
zinahojiwa: kwa nani? haraka kiasi gani?
kisha Nairobi, na Nairobi ndiyo humkabidhi jirani yetu,
kama mtu aliyeishiwa chumvi
akaiomba nyumba ya pili kwa kupitia ukweni.

Anwani ni herufi nane.
Nne za mahali, tatu za ofisi.
Ya mwisho ni X, haina kazi,
imewekwa ili kiti kisibaki wazi.

Baba, Lushinge wa zamu ya usiku,
alikaa chumba hiki kabla ya kompyuta.
Ujumbe ulimfikia kama utepe wa matundu;
aliukata, akausoma kwa kidole gumba,
akatembea hatua sita hadi mashine ya Bukoba, akailisha.
Hakuwa karani wa njia. Alikuwa njia.
Mwaka juzi, macho yakiwa yamekwisha,
nilimpa kipande nilichokikuta nyuma ya kabati.
Akakipapasa mara mbili.
"Bukoba," akasema. "Mawingu chini. Wasije."
Kisha akaniuliza kama waliambiwa.

Saa nane usiku. Mtandao unaandika saa tano,
saa ya ulimwengu mzima, isiyo na jogoo.
Ndege ya minofu ya sangara imechelewa,
barafu inatoa machozi ndani ya maboksi.
Natuma taarifa, F mbili, haraka ya kawaida,
na laini ya Dar imekatika.
Ujumbe wangu uko kwenye foleni, wa kumi na nne.

Zipo S mbili pia, za walio hatarini kufa.
Hizo zikipita, foleni nzima husogea kando
kama barabara ya Makongoro ikipisha jeneza.
Sijawahi kuzipiga. Kidole kinajua zilipo.

Wadudu wa ziwani wamefunika taa ya nje.
Ng'ambo yupo mtu wa zamu kama mimi,
simjui sura, namjua kwa herufi anazotia sahihi: NB.
Nainuka. Nahesabu hatua za baba sakafuni,
polepole, hadi ya sita, pale ilipokuwa mashine
na sasa pana ndoo ya kudekia.
Nyuma yangu skrini inapepesa.
Kumi na tatu.