Simisi

Dirishani, ofisi ya vitambulisho, Tabora mjini,
kijana ameinua fomu yangu kwenye mwanga
kama anayekagua noti ya elfu kumi.
"Nyanzala, sawa. Mhoja, sawa.
Halafu hili la mwisho. Smith.
Dada, mzungu yuko wapi hapa?"

Foleni imecheka hadi mlangoni.

Mzungu hayupo, namwambia. Upo mvukuto.
Yupo Lushinge, baba wa baba yangu,
aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Urambo
na koleo begani na kichwa cha nyundo kisicho na mpini,
akapata kazi karakana ya reli
mwaka ambao bibi aliuita wa nzige, basi.

Msimamizi alikuwa na daftari na haraka.
Akauliza: Jina?
Nyundo ishirini zilikuwa zikisema kwa pamoja.
Babu akadhani ameulizwa kazi.
Mhunzi, akajibu.
Yule bwana alijua Kiswahili cha kuhesabia watu;
akatafsiri palepale, kalamu haikunyanyuka.
Lushinge aliingia kwa mlango wa mbele
akatokea wa nyuma na ukoo mpya
na kodi ya kichwa ya kulipia ukoo huo.

Bibi hakuliweza. Herufi zimebanana
kama kuni mbichi katika mzigo.
Akalitia irabu, kama mtu atiaye maji kwenye udongo mgumu:
Simisi. Mke wa Simisi. Ng'ombe wa Simisi.
Isevya nzima wakadhani ni jina la dawa ya minyoo.

Kidato cha tatu, Wasichana Tabora,
nikalikuta katika kitabu kisicho na jalada.
Kumbe huko kwao nako, zamani,
mtu alikuwa na jina moja tu:
Yohana, Yohana, Yohana, kijiji kizima,
mpaka alipofika mtoza kodi ya kichwa
(nilicheka peke yangu maktabani: kodi ya kichwa!)
akitaka kujua ni Yohana yupi hajalipa.
Yohana wa kilimani. Yohana mwokaji.
Yohana mwana wa Robati.
Yohana mhunzi.
Na kwa kuwa hakuna kijiji kinachoishi bila jembe,
bila kwato za farasi, bila misumari ya jeneza,
kila kijiji kikazaa wa kwake,
ndiyo maana wamejaa leo kama mchanga.

Chini ya jina lile la kiti cha ngozi kulikuwa na masizi.
Babu hakupewa jina la mtu.
Alirudishiwa kazi yake ikiwa imevaa suruali.

Nilifurahi siku mbili. Ya tatu nikakasirika:
Yohana wao alibaki Yohana, mhunzi akamfuata nyuma.
Lushinge wetu hakuandikwa popote.

Kijana bado ameshika fomu.
Namtazama kifuani. Kibandiko kinasema: S. Karani.
Na wewe, nauliza, nani alikuita hivyo?
Foleni imenyamaza.
"Babu mzaa babu," anasema polepole,
"alikuwa bohari ya nta na asali, Kiloleni.
Wenzake wanapima, yeye anaandika.
Mimi sijawahi kuwa..."
Akaitazama kalamu mkononi mwake.

Nyundo iko kwa mama, Cheyo.
Imepata mpini wa mninga,
inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.
Bibi alitukataza kuiruka; hadi leo tunaizunguka,
hata mwanangu, ambaye hajaambiwa sababu.

"Naweza kuweka Lushinge," ananong'ona Karani,
"ila mashine ina nafasi tatu tu. Nimtoe nani?
Wewe, au baba?"

Sikujibu haraka.
Mama mmoja nyuma akakohoa, mtoto akalia.
Acha, nikasema. Andika lilivyo.

Akabonyeza kwa kidole kimoja.
Nilihesabu: mapigo matano, chuma kikipoa.

"Anayefuata," akaita. "Jina?"